Namna ya Kuzuia Ujenzi Unaoharibu Ufukwe wa Kale wa Bagamoyo

Ukiona mawe na nondo zinashushwa ufukweni, karibu na jengo la forodha la enzi za Wajerumani, usingoje msingi uchimbwe, kwa sababu ukuta ukishasimama, kuuondoa huwa ni kazi ya miaka.

Anza kwa kupima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nenda wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, kwani anayepima siku za maji mafu hudanganyika, kisha tafuta mstari wa mwani ulioachwa na maji yalipojaa, na kutoka hapo vuta futi kamba hadi kwenye ujenzi. Piga picha zenye tarehe, na kila mara pembe ileile ya jengo la forodha ionekane, ili mchanga ukipungua pasiwe na ubishi.

Baada ya hapo, ulizia kibali cha ujenzi halmashauri, na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira. Idara ya Mambo ya Kale nayo iulizwe: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, lakini jengo la baadaye huhitaji kutangazwa rasmi, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama.

Barua ya malalamiko isiishie kwenye uzuri wa mandhari. Elezeni kwamba wimbi likigonga ukuta wa zege hurudi kwa nguvu na kuchimba mchanga chini yake, na kwamba mwisho wa ukuta bahari hula zaidi upande wa jirani, ambako pengine ndiko kuna nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa isiyohimili kuchimbuliwa msingi. Wavuvi na wauza samaki watie saini, maana wao huuona ufukwe kila alfajiri. Pelekeni nakala kwa mtendaji wa kata, halmashauri, NEMC na Mambo ya Kale, na msiondoke bila nakala yenu kugongwa muhuri wa kupokelewa.

Mkikaa bila majibu huku ujenzi ukiendelea, kifungu cha 5 cha sheria hiyo ya mazingira kinampa mtu yeyote haki ya kufungua shauri, na barua zenye muhuri pamoja na picha za bamvua ndizo wakili atakazoziomba kwanza.