Mahindi ya vinyungu: pima punje, usipime kijani

Baridi ya Juni na Julai ikishika Njombe na Makete, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: vinyunguni, yaani kwenye bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi, nipande mbegu chotara ipi, H614, UH6303 au PAN 691? Ninachoomba ni kila mkulima azilinganishe bondeni kwake, kwa sababu baridi hudanganya macho.

Mahindi karibu yasimame kukua joto likishuka chini ya nyuzi 10. H614 ni ya muda mrefu, miezi mitano hadi saba kutegemea mwinuko. Kwa hiyo pigia hesabu tarehe ya kuvuna kabla hujanunua mbegu, hasa kama unataka punje kavu na si mahindi mabichi.

Hewa ya baridi hutiririka usiku kama maji na kutuama chini bondeni. Ukipanda mbegu moja chini na nyingine pembezoni juu, utakuwa umelinganisha sehemu, si mbegu. Rudia kila mbegu mara tatu: chini, katikati na juu. Siku ya kupanda iwe moja, mbolea moja, nafasi sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kwa shimo.

Usiikatae mbegu kwa majani ya zambarau. Udongo wa baridi huzuia mizizi kupata fosforasi, na chotara nyingine hupata rangi hiyo kwa asili. Mara nyingi hupotea joto likirudi. Barafu ya alfajiri ikiunguza mche wenye majani manne, usiung'oe upesi. Kiini kinachokua bado kiko ardhini. Subiri siku tano, chana shina la mche mmoja: kiini kikiwa cheupe na kigumu, mingine itachipua.

Kabla ya kuvuna, bandua punje utazame kitako chake. Tabaka jeusi likionekana, imekomaa.

Kisha pima, na hapa ndipo wengi hupotea. Mbegu ya kwanza ikitoa kilo 40 zenye unyevu asilimia 25, na ya pili kilo 36 zenye asilimia 15, ya kwanza inaonekana mshindi. Toa unyevu kwenye 100, zidisha kwa kilo, gawa kwa 86.5, ndipo zote zinakuwa na unyevu wa asilimia 13.5. Ya kwanza inabaki na kilo 34.7, ya pili 35.4. Kama huna kipima unyevu, anika zote mkekani hadi zikauke sawasawa, ndipo uzipandishe mizani.