Chelewa tatu, muhogo na sikio la baba

Baba yangu alikuwa fundi bati hapa Majengo, Mombasa. Miaka thelathini akigonga majiko na masanduku. Sasa ukimwambia jambo kwa sauti ya kawaida, huuliza, "Wasemaje?" Ukipaaza, hushika sikio: "Usinipigie kelele, mwanangu!" Wanangu wakadhani babu yao ni mkali tu. Iliniuma, nikawakalisha barazani nikawaonyesha kinachotendeka sikioni mwake. Nawe waweza kuwaonyesha wako, kwa vitu vya jikoni.

Chomoa chelewa tatu kwenye ufagio. Ikate moja sentimita 60, ya pili 45, ya tatu 30. Kila ncha nyembamba itie kitonge cha unga wa chapati, ukubwa wa korosho, vyote vilingane. Upande mnene uchomeke kwenye kipande cha muhogo mbichi, zisimame safu moja. Kisha shika muhogo uutikise kushoto na kulia, taratibu. Chelewa ndefu itayumba, nyingine zitatulia. Ongeza kasi kidogo kidogo: ndefu itapoa, ya kati itaanza kucheza, mwisho ile fupi. Mwachie mtoto atikise mwenyewe mpaka mkono wake uijue kasi ya kila moja. Hapa usimharakishe.

Ndani ya koklea, kile kijumba cha sikio kilichojizungusha kama konokono, mna utando wa urefu wa milimita 35 hivi, na maji pande zote. Mwanzoni ni mwembamba na umekaza, huitikia sauti kali kama filimbi, mfano wa ile chelewa fupi. Mwishoni ni mpana na umelegea, huitikia sauti nzito kama honi ya feri ya Likoni, mfano wa ile ndefu. Georg von Békésy, mzaliwa wa Hungaria, aliliona wimbi likisafiri juu ya utando huo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Lakini masikio aliyoyachunguza yalikuwa ya maiti, na wimbi lake lilikuwa dhaifu. Sikio hai lina nguvu yake lenyewe.

Nguvu hiyo ionyeshe hivi. Funga kitonge kwa uzi, kining'inize mlangoni, kisukume kidogo tu. Chukua mrija, na kila kinapoanza kwenda mbali nawe, kipulizie pumzi ndogo. Pumzi kumi, na kitonge kinabembea kama mtoto siku ya Idi. Sasa pulizia kinapokujia: kitasimama. Pumzi ni ileile, kilichobadilika ni wakati wake.

Wapulizaji wa sikio ni seli za nje zenye vinywele, kama 12,000 kila sikio. Zinarefuka na kufupika kwa kila mtetemo, hata mara maelfu kwa sekunde, zikiusukuma utando kwa wakati wake barabara. Seli za ndani, kama 3,500, ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Sauti ndogo hukuzwa zaidi ya mara 100. Sauti kubwa haziguswi sana, maana hazihitaji msaada.

Sasa mrudie babu. Nyundo zimewaua wapulizaji wake, na kwa binadamu seli hizo hazioti tena. Sauti ndogo imekosa wa kuisukuma. Kubwa inaingia na nguvu zake zilezile. Ndiyo maana kwake kati ya "sisikii" na "yaniumiza" pamebaki padogo sana. Tena seli zinazotangulia kufa ni za sauti kali kama ya filimbi, zilizo karibu na mlango wa koklea, nazo ndizo zinazotenganisha f na sh. Mwambie "fika", yeye asikia "shika" au "pika", halafu aonekana mbishi.

Basi kwetu feni huzimwa kwanza. Unakaa mbele yake auone mdomo wako, unasema polepole, sauti ya kawaida. Asipoelewa, badilisha neno, usipandishe sauti. Kitinda mimba wangu ana miaka saba, siku hizi humgusa babu gotini, hungoja ageuke, ndipo asema, "Shikamoo babu, chai tayari."