Kuomba basari shule binafsi ya wasichana Uingereza, hatua kwa hatua (pamoja na kile kiwanja cha Kigamboni)

Kila ikifika mwezi wa tisa meseji zinaanza, dada samahani naomba unisaidie ile fomu ya basari, na mi nimeshakaa na familia nyingi tu pale mezani jikoni kwangu tukijaza hizi fomu, ya kwanza kabisa ikiwa ya binti yangu mwenyewe, kwahiyo leo naandika yote hapa mwenye shida asome. Naongelea England, shule binafsi za wasichana za kutwa, mtoto anaingia mwaka wa saba, yaani miaka 11.

Tuelewane maneno kwanza. Skolashipu mtoto anapewa kwa akili au kipaji, muziki, michezo, na kwa shule nyingi siku hizi inapunguza ada kidogo tu. Basari wanaangalia mfuko wa mzazi, na hiyo ndo inaweza kufika asilimia 100. Ada kwa London shule nyingi imeshapita pauni 20,000 kwa mwaka, alafu tangu Januari 2025 kuna VAT ya asilimia 20 juu yake, kwahiyo ukisikia skolashipu ya asilimia 5 usianze kupiga vigelegele.

Hatua ya 1: anza mtoto akiwa mwaka wa tano. Sio wa sita. Pita siku za wazi, ongea na ofisi ya usajili. Wengi wetu tunazijua zile mbili tatu zenye majina London, lakini kuna Girls' Day School Trust, taasisi yenye kundi la shule za wasichana, wapo tangu 1872 na wana shule mpaka Sheffield, Nottingham na Norwich, kuna Manchester High School for Girls, kuna King Edward VI High School for Girls kule Birmingham. Uliza maswali matatu tu: kipato cha familia kikiwa juu ya kiasi gani hamtoi kitu, fomu ya basari mwisho wake lini, na ada ya usajili mnasamehe kwa anayeomba basari? Hilo la tatu watu wanaona aibu kuuliza, uliza tu, nyingi zinasamehe, na ukiomba shule nne hiyo ni hela ya maana.

Hatua ya 2: sajili mtoto, mara nyingi mwisho ni mwezi wa 10 au wa 11, na palepale weka tiki kwamba unahitaji basari. Usijiambie ngoja apasi kwanza ndo niseme. Ukishachelewa ile tarehe ya fomu, mfuko unagawiwa waliowahi na wewe unabaki na mtoto aliyepasi na bili usiyoiweza.

Hatua ya 3: makaratasi. P60 (karatasi ya mwaka ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi), slipu za mshahara za miezi mitatu ya karibuni, steitimenti za benki za akaunti ZOTE hata ile yenye pauni nne, mkataba wa nyumba au moogeji (mkopo wa nyumba), bili ya kaunsil taksi (kodi ya halmashauri), barua ya Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) kama unapokea, na kama umejiajiri, dereva wa teksi, msusi, mpishi wa shughuli, basi SA302 (hesabu ya kodi yako kutoka mamlaka ya kodi) na hesabu za biashara. Vya wazazi wote wawili. Mmeachana? Bado kawaida wanataka vya baba pia, na kama baba hajulikani alipo usiache boksi tupu, andika barua fupi ueleze tangu lini, na ambatanisha karatasi yoyote uliyonayo inayounga mkono.

Hatua ya 4, na hapa ndo wenzangu wanapoangukia. Fomu inauliza mali uliyonayo Uingereza na nje. Nje maana yake na Kigamboni. Kiwanja andika, ile nyumba ya Tanga iliyoishia kwenye linta andika, weka thamani ya kukadiria kwa shilingi na kwa pauni na picha kama unayo, maana ukisema nyumba wao wanawaza nyumba ya kupangisha, wakiona picha ya matofali na mchongoma wanaelewa. Nyumba ya familia ambayo bado ina jina la marehemu babu, eleza kwamba warithi mko tisa.

Alafu upatu. Jamani upatu! Zamu yako ikifika umeingiziwa pauni 3,000 na watu kumi tofauti ndani ya siku mbili, mtu asiyejua mchezo akiiona kwenye steitimenti anasema huyu ana biashara kaificha. Andika ukurasa mmoja, mchezo una watu wangapi, kila mwezi natoa kiasi gani, hii ni hela yangu mwenyewe inanirudia, na zungushia kalamu kila mwezi uliotoa waione. Hela unazotuma nyumbani kwa mama nazo zitaonekana, zieleze, ila usitegemee wakupunguzie kipato kwa sababu hiyo. Mi barua hii naiambatanisha hata kama fomu haijaiomba, na mara zote niliyofanya hivo maswali yalikuja machache.

Hatua ya 5: wanaweza kuja nyumbani, shule nyingine zinatuma mtu wa kampuni ya nje. Anakunywa chai, anaangalia makaratasi, anauliza. Usiazime fenicha na usifiche kitu. Kuna baba mmoja aliipaki gari yake mtaa wa pili, wakati bima ya hiyo gari inakatwa kila mwezi kwenye steitimenti zilezile alizotuma yeye.

Mtihani nao upo palepale, mwezi wa 11 mpaka Januari kutegemea shule, basari haimpunguzii mtoto maksi.

Hatua ya 6: barua ikija mwezi wa pili isome taratibu kabla hujapiga simu kwa ukoo. Asilimia 75 inapendeza ila kwa ada ya 24,000 umebakiwa na 6,000. Je chakula cha mchana kimo? Yunifomu? Safari za shule? Dipoziti unasamehewa? Uliza kwa imeili ili jibu liwe la maandishi. Basi la London usiliweke kwenye hesabu, mtoto wa miaka 11 mpaka 15 akiwa na kadi yake ya Zip Oyster anapanda bure.

Na fomu hii inarudi kila mwaka, kipato kikipanda asilimia inaweza kushuka, kwahiyo usitupe karatasi. Mi nina boksi la viatu chini ya kitanda, kila slipu inayoingia nyumbani inakwenda humo.