Toleo la majaribio la Ubuntu: anza na flashi

Ndugu zangu wa Mwanza, toleo kamili la Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta, hutoka kila Aprili na Oktoba, na la majaribio hutangulia wiki chache. Lipakue kwa bando la usiku, maana faili linazidi GB 5. Kabla ya kuliandika kwenye flashi, endesha sha256sum, amri inayotoa msururu wa herufi na tarakimu wa kutambulisha faili, ulinganishe herufi hizo na zile za kwenye tovuti yao. Juzi hapa Kirumba umeme ulikatika nikiwa katikati ya kupakua. Faili lilionekana zima kabisa, ila herufi hazikulingana. Ikabidi nianze upya.

Diski usiiguse. Washa kompyuta kwa flashi, chagua kujaribu bila kusakinisha, kisha pima unavyovitumia kila siku: waifai, sauti, printa. Zaidi ya vyote, funga kifuniko cha laptop dakika tano, ukifungue. Hapo ndipo mashine nyingi za mtumba, kama hizi zetu, hubaki na kioo cheusi. Ukikuta hitilafu, fungua akaunti ya Launchpad, tovuti ya kuripotia hitilafu za Ubuntu, kisha andika ubuntu-bug linux kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Yenyewe itakusanya taarifa za mashine yako. Wewe eleza ulichofanya na kilichotokea, hatua kwa hatua.