Somo: Kusakinisha Debian bila kuona skrini

Ombi la maelezo haya hurudi kila mara, hivyo nayaweka yote mahali pamoja kwa wasioona wanaotaka kusakinisha wenyewe Debian, mfumo endeshi wa Linux, bila mtu wa kuwasomea.

Hatua ya 1. Pakua Debian 12 au toleo jipya zaidi, uliandike kwenye flashi. Tangu toleo hilo la mwaka 2023, kisakinishi rasmi kinakuja na faili za vifaa ambazo kadi nyingi za sauti haziwezi kulia bila hizo.

Hatua ya 2. Hifadhi nakala ya data zako.

Hatua ya 3. Washa kompyuta kwa flashi. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa menyu ya BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) kwa kawaida ni bubu, na kisoma skrini chako hakiwezi kuanza kabla mfumo haujapakiwa. Mwenye Windows na kompyuta ya UEFI (mrithi wa BIOS) aikwepe kabisa menyu hiyo: ashikilie Shift huku akichagua kuwasha upya, kisha abonyeze Windows, Ctrl na Enter ili Narrator, kisoma skrini cha Windows, imsomee, na achague kutumia kifaa, yaani flashi. Onyo: ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker (ufungaji wa siri wa Windows), ufunguo wa urejeshi uwe umehifadhiwa nje ya kompyuta hiyo.

Hatua ya 4. Ukisikia mlio wa menyu ya kisakinishi, bonyeza s, kisha Enter, ili kianze kuzungumza. Machaguo husomwa yakiwa na namba. Andika namba, bonyeza Enter.

Hatua ya 5. Itambue diski kwa ukubwa wake kabla ya kuthibitisha, kwa sababu flashi nayo huweza kuorodheshwa, na kilichofutwa hakirudi.

Swali: Nimebonyeza s, kimya tu. Somo halifanyi kazi.
Jibu: Ulisubiri mlio? Soma hatua ya 4.

Swali: Samahani mwalimu, laptopu yangu haitoi mlio kamwe. Nifanyeje?
Jibu: Swali zuri, ndugu. Laptopu nyingi ziko hivyo. Ipe muda wa kutosha kufika kwenye menyu, ndipo ubonyeze s na Enter. Ikibaki kimya, chomeka kadi ya sauti ya USB, kwani kadi ya ndani huenda haijatambuliwa. Zikiwapo kadi kadhaa, kila moja itazungumza kwa zamu; bonyeza Enter pale unapoisikia.

Swali: Na kifaa cha breli?
Jibu: Cha USB kichomeke mapema, kwa kawaida hutambuliwa chenyewe, na brltty, programu inayokiendesha, husakinishwa pia kwenye mfumo mpya.

Mchango: Mimi menyu bubu huisoma kwa programu ya simu inayotambua maandishi kwa kamera.
Jibu: Inasaidia, ila mstari uliochaguliwa mara nyingi huonyeshwa kwa rangi tu, na programu nyingi hazitaji rangi hiyo.