SOMO: Kulisoma jiwe pale lilipovunjika, bila kulipiga nyundo

Wakuu, swali hili limerudi mara nyingi mno: "Jiwe langu limevunjika, ni jiwe gani na bado linafaa kukatwa kuwa kito?" Naliandika lote hapa, atakayeuliza tena aelekezwe huku. Pale jiwe lilipovunjika ndipo linapojieleza vizuri zaidi. Anayejua kupasoma hana haja ya kulivunja mara ya pili.

Vifaa: lenzi ya mara 10, tochi ndogo yenye mwanga mwembamba, kitambaa cheusi, mizani inayosoma gramu 0.01.

1. Osha jiwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, liache likauke kabisa. Jiwe lililopakwa mafuta huficha nyufa.

2. Tafuta kovu bichi. Mawe ya mtoni, kama mengi ya Tunduru, yamesuguliwa na mchanga hadi nyuso zake hazisemi kitu. Tafuta kingo ndogo zilizobanduka karibuni.

3. Tazama umbo la kovu.

Likiwa na mawimbi yaliyopinda kama mgongo wa kombe (gamba la chaza), jiwe halina njia yake ya kupasukia. Hapo wapo kwatsi, garneti (pamoja na tsavoraiti, garneti ya kijani), spineli na turmalini, ingawa kovu la turmalini mara nyingi huwa la kuparuza, lisilo sawa, zaidi ya mawimbi. Angalizo: chupa nayo huvunjika hivyo hivyo. Kombe peke yake si ushahidi. Mulika ndani utafute viputo vya mviringo.

Likiwa bapa, huenda ni mpasuko, yaani njia ambayo jiwe la aina hiyo hupasukia: hesabu pande na pima pembe. Feldispa hupasuka pande mbili zinazokutana karibu na nyuzi 90. Kalsaiti pande tatu, lakini vipande vimeinama, nyuzi 75 na 105. Fluoraiti pande nne. Topazi upande mmoja tu, unaokata urefu wa fuwele (umbo la jiwe lilivyokua lenyewe). Tanzanaiti nayo upande mmoja, ila wake unafuata urefu wa fuwele. Ulanga (maika) upande mmoja, hadi inakuwa karatasi.

Likitoa vibanzi virefu, fikiria kianaiti.

4. Tenganisha uso wa fuwele na uso wa mpasuko. Hapa ndipo mawe mengi mazuri yanapofia, kwa hiyo soma polepole. Zote mbili ni bapa na zinang'aa. Uso wa fuwele umekua hivyo ardhini: una mistari ya ukuaji, vishimo vidogo, na mng'ao wake umefifia kidogo. Uso wa mpasuko ni ngazi. Weka jiwe juu ya kitambaa cheusi, shika tochi pembeni, kisha geuza jiwe taratibu. Ukiona vingazi vingi vya urefu tofauti vinawaka KWA PAMOJA na kuzima kwa pamoja, huo ni mpasuko. Sasa mulika kwa ndani: rangi za upinde wa mvua zilizolala sambamba na ngazi hizo ni ufa ulioanza tayari ambao haujafika nje. Kwenye tanzanaiti kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu mistari ya fuwele na mpasuko vyote vinafuata urefu. Usiamue kwa mistari, amua kwa ngazi na upinde wa mvua. Usijaribu kuufungua ufa huo kwa kucha wala kisu. Usilichome jiwe ili kuboresha rangi kabla ya kuondoa sehemu yenye ufa. Katika joto la nyuzi 500 hadi 600 ufa unakimbia na unabaki na vipande viwili.

5. Chora mstari wa wino kufuata mpasuko. Ukipanga kukata, hakikisha hakuna uso utakaolala sambamba na mstari huo. Uinamishe nyuzi 5 hadi 10. Ukisaga sambamba, sahani ya kusagia inang'oa tabaka badala ya kulainisha, na uso hautang'aa hata ubadilishe vumbi la almasi mara ngapi.

MASWALI

Kokoto: Nina jiwe la kijani, ni tsavoraiti? Nimeweka picha.

Mwandishi: Picha moja, ya usiku, haionyeshi kovu. Rudi hatua ya 2 na ya 3.

Kokoto: Basi nilipige kidogo nione linavyovunjika?

Mwandishi: Hapana. Nimeandika kwenye kichwa cha somo.

Jembe Butu: Mbona wazee wanasema jiwe halisi halivunjiki kwa nyundo?

Mwandishi: Usemi huo umevunja mawe mengi halisi. Ugumu ni kutokukwaruzwa, kutokupasuka ni jambo jingine. Almasi ina ugumu wa 10, wa juu kabisa kwenye kipimo, na inapasuka pande nne. Almasi kubwa ya Cullinan, karati 3,106, ilipasuliwa Amsterdam mwaka 1908 kwa ubapa wa chuma na pigo.

Binti Longido: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba yakuti haina mpasuko, lakini yangu imetoka bapa kabisa, na ngazi ninaziona. Nimekosea wapi?

Mwandishi: Marahaba dada, hujakosea, umeangalia vizuri sana. Yakuti haina mpasuko wa kweli, ila huachana kwenye tabaka dhaifu, hasa pale fuwele zilipokua pacha. Tofauti yake: mpasuko wa kweli unapatikana popote ndani ya jiwe la aina hiyo, lakini huku kuachana kunatokea kwenye tabaka hizo tu, na yakuti nyingine haina kabisa. Hesabu nafasi kati ya ngazi zako. Ukipata eneo pana lisilo na ngazi wala upinde wa mvua, hapo ndipo pa kukata.

Fundi Pete: Pete ya tanzanaiti naweza kuitia kwenye mashine ya kuoshea ya mtetemo?

Mwandishi: Usithubutu, wala mvuke. Maji ya uvuguvugu, sabuni, mswaki laini. Na ukichomelea pete, toa jiwe kwanza.

Binti Longido: Na fluoraiti ya kijani iliyosagika, isiyo na kovu, naitengaje na tsavoraiti?

Mwandishi: Kwa mizani. Pima jiwe likavu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi mwembamba lizame bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya uzito mkavu kwa namba inayosomeka; jibu ni mara ngapi jiwe ni zito kuliko maji ya ujazo huohuo. Mfano 4.32 kwa 1.20 ni 3.6, hiyo inaelekea tsavoraiti. Fluoraiti inakuja karibu 3.18. Futa viputo vilivyoshika jiwe kabla ya kusoma, vinashusha jibu. Jiwe chini ya gramu 1 rudia mara tatu uchukue wastani.

Kokoto: Nimepima, 2.64.

Mwandishi: Sasa tunaongea. Hiyo si tsavoraiti wala fluoraiti. Inaangukia kwenye kwatsi, lakini na baadhi ya feldispa zipo hapo hapo. Lete picha ya kovu, mchana, kwenye kitambaa cheusi: tukiona kombe, na ndani hakuna viputo vya chupa, inaelekea kwatsi, tukiona pande mbili bapa ni feldispa.