Mbwa Akiugua Usiku Kigoma na Wewe Uko Ughaibuni

Simu ya mama iliingia saa tano usiku kwa saa za Kigoma, ambayo kwangu Uingereza ilikuwa saa mbili usiku kwa kuwa ulikuwa msimu wa baridi. Bobi, mbwa aliyelinda nyumba yetu ya Gungu kwa miaka 6, alikuwa amelala kando ya geti akitetemeka mwili mzima, mate yakimtoka kama povu la sabuni, na mboni za macho zimesinyaa hadi kuwa kama punje za ulezi. Jirani mmoja alishauri anyweshwe maziwa, mwingine akasema mafuta ya kupikia, na mpwa wangu, aliyekuwa na umri wa miaka 19, akaniuliza afanye nini. Sikuwa na jibu. Namba ya daktari wa mifugo niliyokuwa nayo ilikuwa ya miaka 3 nyuma na haikupatikana, fedha niliyotuma iliingia kwenye simu ya mama ambaye kwa hofu alikuwa amesahau namba ya siri, na kabla ya adhana ya alfajiri Bobi alikuwa amekwisha kufa.

Ninawaandikia ndugu zangu wa Kigoma mnaoishi mbali na ambao mmewaachia wazazi mbwa au paka, kwa sababu nilichojifunza usiku ule ni kwamba dharura ya mnyama nyumbani huamuliwa mchana, miezi mingi kabla haijatokea, na mtu anayeitarajia simu ndiye pekee anayeweza kuwa na la kusema ikilia.

Wengi wetu tumezoea utaratibu wa huku tuliko. Uingereza, chombo kinachosimamia madaktari wa mifugo kinamtaka kila daktari anayetoa huduma achukue hatua za kuhakikisha kwamba huduma ya kwanza ya dharura na ya kupunguza maumivu inapatikana saa 24, na kwa wenye kipato kidogo lipo shirika la PDSA, lililoanzishwa London mwaka 1917 kwa ajili ya wanyama wa maskini. Gharama ni kubwa, na kliniki nyingi za usiku hudai malipo ya awali, lakini mlango upo na taa inawaka. Kigoma hutafuti jengo lenye taa. Unamtafuta mtu kwa jina lake, aliyekubali mapema kwamba atapokea simu yako usiku. Hospitali kubwa ya kufundishia ya madaktari wa mifugo iko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, zaidi ya kilomita 1,000 kwa njia ya reli, kwa hiyo wazo la kumpeleka mnyama mahututi mbele zaidi lisikupotezee muda. Atatibiwa hapo hapo mjini, ama hatatibiwa.

Mjue basi unayempigia. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari, ambalo husajili madaktari wenye shahada na kuwaorodhesha wataalamu wasaidizi wenye stashahada na astashahada. Mitaani wote huitwa daktari, au bwana mifugo kama zamani, pamoja na muuzaji wa duka la dawa za mifugo ambaye pengine hana mafunzo yoyote zaidi ya kusoma maandishi ya kwenye chupa. Sisemi hivi kwa dharau, kwani wataalamu wasaidizi ndio wanaowafikia wafugaji wengi na baadhi yao wana mikono mizuri sana. Nasema ili umuulize mtu wazi amesomea nini na amesajiliwa wapi. Muulize pia ni lini mara ya mwisho alimtibu mbwa au paka, kwa maana kazi kubwa ya mkoa wetu ni ng'ombe, mbuzi na kuku, na kipimo cha dawa kinachomfaa ndama kinaweza kumuua mbwa. Swali langu la tatu kwa sasa ni kama yeye mwenyewe anahifadhi atropini na vitamini K ya sindano, dawa mbili za kutibu aliyekula sumu, maana maduka yakishafungwa hakuna pa kuzitafuta.

Namna bora ya kuanzisha uhusiano huo ni kumwita kwa chanjo. Atakuja nyumbani, atamwona mnyama akiwa mzima, atampima uzito, atazungumza na mama, na utamlipa vizuri bila kumpunguzia hata shilingi. Daktari anayeijua nyumba na anayejua kwamba hapo analipwa siku hiyo hiyo ataamka usiku kwa ajili yenu kabla ya kuamka kwa ajili ya namba asiyoitambua.

Sasa nirudi kwenye sumu, kwa kuwa huua mbwa wengi wa ulinzi, ama kwa wezi wanaotupa nyama iliyotiwa dawa ya kuulia wadudu, ama kwa chambo cha panya kilichowekwa na jirani asiye na nia mbaya. Dalili za Bobi, yaani mate mengi, kutetemeka na mboni ndogo, ni dalili za kawaida za dawa za wadudu za mashambani, na atropini ikiwahi huweza kuokoa. Maziwa na mafuta hayaondoi sumu hiyo. Mbwa anayetetemeka hawezi kumeza sawasawa, na kinachomiminwa kinywani huingia kwenye mapafu. Kwa sababu hiyo hiyo mtu asijaribu kumtapisha mnyama aliyelegea, anayetetemeka au aliyekunywa mafuta ya taa. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao si ule mkaa wa dawa unaotumika hospitalini. Kinachotakiwa nyumbani ni kumwondoa alipo, kumwosha kwa maji na sabuni kama dawa imemmwagikia, watu wakiwa wamevaa mifuko ya plastiki mikononi, na kukihifadhi chochote kilichobaki cha chambo, pakiti au matapishi.

Sumu ya panya ina hila yake. Aina nyingi huzuia damu kuganda, na mnyama huonekana mzima kwa siku 2 hadi 5 kabla ya kuanza kutokwa damu puani, kwenye ufizi au ndani ya kifua. Familia husema ameponyoka, kumbe ndiyo kwanza anaanza kufa. Ukisikia kwamba amekula chambo, daktari aitwe siku hiyo hiyo hata kama mbwa anacheza, kwa maana akitapishwa na daktari mapema na kupewa vitamini K kwa wiki kadhaa ana nafasi kubwa ya kupona.

Kuna magonjwa ya huko kwetu ambayo daktari wa Ulaya huenda hajawahi kuyaona kwa macho. Magharibi mwa nchi, kuanzia Uvinza hadi misitu ya Kaliua na Urambo, kuna ndorobo, yaani mbung'o, na mbwa aliyeng'atwa anaweza kupata homa, kuvimba uso, kuishiwa damu na kufunikwa macho na ukungu mweupe wa bluu ambao watu huufikiria kuwa ni mtoto wa jicho. Kupe nao huleta homa inayoharibu damu, na mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi. Magonjwa haya mawili huthibitishwa kwa tone la damu chini ya hadubini, na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Tabora, lakini mnyama mwenye ufizi mweupe kama karatasi hasubiri majibu ya kutoka mkoa mwingine, na daktari mzoefu ataanza tiba kwa dalili. Swila akimtemea mbwa machoni, aoshwe kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, na asitiwe kitu kingine.

Dharura moja ni ya binadamu kabla ya kuwa ya mnyama, nayo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na karibu kila mgonjwa huupata kwa kuumwa na mbwa. Mbwa asiyechanjwa anayedondosha mate, anayeshindwa kumeza na ambaye taya limelegea huonekana kama amekwama mfupa kooni, na mtu mwenye huruma huingiza mkono kumsaidia. Waambie nyumbani, na uwaambie tena, kwamba mkono usiingizwe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali mara moja kuanza chanjo, bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Mbwa huyo akiweza kufungiwa salama huangaliwa kwa siku 10, na asiuawe kwa hasira. Chanjo ya kila mwaka na kadi yake ndivyo vinavyowafanya watu wathubutu kumgusa mnyama wako anapougua.

Usafiri ulinishangaza kuliko jambo lolote. Bodaboda haiwezi kumbeba mbwa wa kilo 30 anayetetemeka, na madereva wengi wa bajaji, hasa Ujiji, hawapendi mbwa aingie chomboni kwa sababu mate yake ni najisi kwao na chombo ni cha kupakia watu wa kila aina. Hilo ni jambo la kuheshimiwa na si la kubishania saa saba usiku. Sisi tulikubaliana mapema na kijana mwenye kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, tukanunua turubai linalokaa nyumbani kwetu, na nauli yake ina nyongeza ya kuoshea gari. Khanga mbili zilizokunjwa ni machela nzuri, na kipande cha khanga hufunga mdomo wa mbwa aliye na maumivu asiume, ilimradi hatapiki wala hahemi kwa shida.

Fedha nayo iwe imefika kabla ya ugonjwa. Niliweka kiasi maalumu kwenye simu ya mpwa wangu, mama anajua, na hakiguswi kwa jambo jingine. Muhimu zaidi ni ruhusa: tuliandikiana kwamba mpwa anaweza kukubali matibabu hadi kiasi fulani bila kuniuliza, na kwamba daktari akisema mnyama hana tumaini na anateseka, wao walio mbele yake ndio wataamua apewe sindano ya kufa bila maumivu. Nilijiona nimejivua mzigo na kumtwika kijana, hadi aliponiambia kwamba kilichomtesa usiku wa Bobi ni kusubiri mtu aliye mbali aamue.

Kazi yako wewe uliye kwenye skrini ni ndogo na mahsusi. Omba picha ya ufizi kwenye mwanga, ambao kwa mnyama mzima wa ufizi usio na weusi huwa wa waridi. Omba video ya anavyohema. Uliza uzito wa mwisho na joto la mwili, ambalo kwa mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Kipimajoto cha kidijitali cha duka la dawa kinatosha, kikiwekewa alama kisitumiwe na watu. Usiagize dawa kutoka kumbukumbu zako. Paracetamoli huua paka hata kwa kipimo kidogo, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huharibu tumbo na figo za mbwa. Hata zawadi za begi ni za kuangalia: dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini ni sumu kali kwa paka wa mama.

Wanaorudi likizo na wanyama wao wakumbuke kwamba mbwa wa jamii ya Collie wanaweza kuwa na jeni linalofanya ivermektini, sindano ya kawaida sana kwa mifugo yetu, iwe hatari kwao, na daktari wa Kigoma huenda hajakutana na aina hiyo. Aambiwe kabla. Marekani inaihesabu Tanzania kati ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa katika kanuni zilizoanza tarehe 1 Agosti 2024, na Umoja wa Ulaya hudai kipimo cha damu cha kinga kisichopungua 0.5 IU kwa mililita kwa mnyama anayerudi kutoka kwetu. Kipimo hicho kikifanywa na kuandikwa kwenye pasipoti yake kabla ya kuondoka, hutalazimika kungoja miezi 3.

Mbwa wa sasa anaitwa Tosha. Mwaka jana mpwa wangu alikuta punje za bluu za sumu ya panya karibu na bakuli lake, akaipiga picha pakiti iliyokuwa kwa jirani, akampigia daktari, na nilipoamka asubuhi nilikuta ujumbe kwamba mbwa ametapishwa, amedungwa sindano na amelala barazani. Hawakuniamsha. Karatasi yenye namba za daktari wawili, kijana wa kirikuu na uzito wa Tosha imebandikwa ukutani juu ya friji kwa mwandiko wa mama, na kila Januari mpwa huzipigia namba zote. Mwaka huu moja haikupatikana, tukaitafutia nyingine siku hiyo hiyo.